Windows 11 imeikataa kompyuta yangu, nihamie Linux?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha sita, RAM ya GB 8 na diski ya kawaida ya GB 500. Windows 11 imeikataa. Rafiki yangu ananisukuma niweke Linux; anasema ni bure, haina virusi na haizeeki. Kazi zangu ni ripoti, majedwali ya Excel ninayobadilishana na wenzangu, mikutano ya video, intaneti, na kuchapa na kuskani kwa printa ya ofisini. Jioni mwanangu huichukua kwa michezo. Sitaki nije kujuta. Nieleze uzuri na ubaya wake bila kunificha.

JIBU: Katika mambo matatu aliyokwambia rafiki yako, ninaloweza kulitia sahihi bila kusita ni moja tu: ni bure. Hayo mawili yana maelezo, nitayafikia. Nianze na kompyuta yenyewe, maana huenda unaihukumu kwa kosa lisilo lake.

Windows 11 haikuikataa kwa kuwa ni dhaifu. Ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft iliweka masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane. Yako ni ya sita, basi mlango umefungwa, hata kama RAM inatosha na kubaki. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza anasogezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo kompyuta itaendelea kuwaka kama jana, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa halitazibwa, na wezi wa mtandaoni watakuwa wa kwanza kulijua.

Kuhusu uzito: hujaniambia kama ni nzito, lakini nina karibu uhakika kwamba ni nzito, na anayeifanya hivyo ni hiyo diski ya kuzunguka. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hata ukiamua kubaki ulipo. Niliwahi kuletewa mashine ya umri kama wa hiyo yako, ukibofya kivinjari unakwenda kunawa uso ndipo kinafunguka. Nilibadilisha diski tu, Windows ikabaki ile ile, na mwenyewe akaniuliza kama nimemrudishia kompyuta yake au ya mtu mwingine. Watu wengi wanaoisifu Linux kwa wepesi walibadilisha vitu viwili siku moja, diski na mfumo, halafu sifa zote wakampa wa pili.

Tuje kwenye mfumo wenyewe. Kwa usahihi, Linux ni kiini tu, ile sehemu inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na vifaa. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, aliutangaza mradi huo tarehe 25 Agosti 1991 akisema ni wa kujifurahisha tu na hautakuwa mkubwa. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 kwenye orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kupindukia, zinaendeshwa nacho. Lakini kwenye meza za watu wa kawaida, kwa hesabu za StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya mifumo, sehemu yake ilivuka asilimia 4 mwanzoni mwa 2024 tu. Miaka zaidi ya 30! Kitu kinachotamba kwenye seva na simu, kwa nini kinasuasua mezani? Ukilijua jibu la swali hilo, la kwako umeshalijibu nusu.

Jibu ni kwamba Linux haina mwenyewe. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, ambayo kwa kifupi inasema: chukua, tumia, fungua uone, badilisha, gawa, ila unapogawa usimfungie mwenzako ulichofunguliwa wewe. Ndiyo maana hakuna "Linux" moja ya kuweka. Kila kundi linachukua kiini, linakivika madirisha, menyu, programu na kisakinishi, kisha linaupa mzigo huo jina. Hizo ndizo distro. Debian ilianza 1993, Ubuntu ikachipuka kutoka Debian mwaka 2004, Linux Mint ikachipuka kutoka Ubuntu mwaka 2006, na nyingine ni nyingi mno. Kwako nasema Linux Mint yenye mwonekano wa Cinnamon, na mjadala wa distro tuufunge hapo. Menyu iko kona ya kushoto chini, saa iko kulia, hutapotea. Nimeona watu wakilinganisha distro mwezi mzima bila kuandika hata barua moja.

Faida ya kutokuwa na mwenyewe ni kwamba hakuna ofisi inayoweza kuamka asubuhi na kutangaza kuwa kompyuta yako imepitwa na wakati. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, inapata masasisho hadi 2029. Kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 2, na GB 4 ili ustarehe. Wewe una 8. Ikifika 2029 utapanda toleo jingine, na sioni sababu ya prosesa yako kukataliwa. Kwa hiyo "haizeeki" ya rafiki yako ina ukweli ndani yake. Inazeeka, lakini polepole: distro kubwa nyingi zimeshaziacha prosesa za biti 32, ambazo ni za zamani sana. Na usisahau kuwa anayekula RAM siku hizi ni kivinjari. Tabo thelathini ni tabo thelathini popote utakapozifungua.

Jambo jingine ambalo mtu halithamini mpaka alizoee ni masasisho. Kwenye Windows, mfumo unajisasisha kivyake, kivinjari kivyake, kisoma PDF kivyake, na kila mmoja anakurukia na kidirisha chake. Kwenye Mint karibu vyote vinatoka hazina moja ya programu. Ngao ndogo pembeni mwa saa inaweka alama, unabofya unapotaka, unaendelea na kazi. Haikuzimii kompyuta katikati ya ripoti. Halafu kuna ukimya: hakuna tangazo kwenye menyu, hakuna kulazimishwa kufungua akaunti ya mtandaoni ndipo uingie kwenye kompyuta uliyoinunua mwenyewe. Nikirudi kwenye mashine za wateja zenye mifumo mingine huwa nahisi kama nimeingia chumba chenye redio tatu zinazoimba kwa pamoja.

Ubaya nao umetoka chungu hicho hicho. Kisichokuwa na mwenyewe hakina wa kumdai. Aliyetengeneza kisoma alama za vidole cha kompyuta yako aliandika draiva ya Windows, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, akaijaribu, akalipwa. Ya Linux huenda hakuiandika, basi ikaandikwa na mtu asiyemjua, kwa kukisia, baada ya saa za kazi. Mara nyingi mtu huyo amefanya kazi ya ajabu. Mara nyingine hakuna aliyejitokeza, na hapo hapana pa kupeleka malalamiko.

Kwa mashine ya rika la yako habari ni njema kwa sehemu kubwa. Chipu za picha za Intel zinaungwa mkono ndani ya kiini chenyewe, huhitaji kutafuta chochote. Ingekuwa na kadi ya picha ya NVIDIA ningekuwa na maneno mengi zaidi; mwaka 2012 Torvalds mwenyewe, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto, aliinyooshea kampuni hiyo kidole cha kati mbele ya kamera kwa hasira. Mambo yamelainika tangu ilipoanza kufungua msimbo wa draiva zake mwaka 2022, lakini hayajaisha. Wi-Fi inategemea chipu: za Intel hazisumbui, baadhi ya za Broadcom na Realtek zinataka draiva ya ziada, na ili kuipakua unahitaji intaneti ambayo ndiyo huna. Dawa ni kuunga simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti yake kwa muda. Kisoma alama za vidole, kama kipo, hesabu kwamba hakitafanya kazi, kikifanya, furahi. Angalia na usingizi: funika kompyuta jioni, uifunue asubuhi uone betri imeshuka kiasi gani. Kuna mashine zinazolala vizuri chini ya Linux na kuna zinazokesha ndani ya begi zikijipasha moto.

Printa ni suala lililobadilika sana. Zamani lilikuwa jinamizi. Sasa nyingi zinazounganishwa na mtandao zinaelewa lugha moja ya pamoja, ile inayoziwezesha kupokea kazi hata kutoka kwenye simu, na Linux inazitambua bila draiva yoyote. Kama unaweza kuchapa kutoka kwenye simu yako bila kuweka programu ya kampuni, basi Linux nayo karibu kwa hakika itachapa. Zinazotesa ni zile ndogo za zamani za USB ambazo akili yao yote imehifadhiwa kwenye draiva ya Windows. Skana iliyo juu ya printa ichunguze peke yake. Usidhani kwamba ikichapa itaskani.

Haya yote niliyoyataja ni maudhi. Yanayowarudisha watu Windows ni mengine, na kwenye swali lako umeyapitisha haraka kama jambo dogo: "majedwali ya Excel ninayobadilishana na wenzangu". Neno zito hapo ni "wenzangu".

Niliwahi kumhamisha mtu wa kazi kama zako. Wiki nzima alifurahi. Siku ya nane akanipigia: ripoti aliyoipokea ikiwa na kurasa 40 kwake ilikuwa na 43, jedwali limekatika katikati, na mstari wa sahihi umebaki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Aliamini Linux imeharibu faili. Haikuwa imeharibu kitu. Ripoti iliandikwa kwa Calibri, fonti iliyokuwa chaguo la kwanza la Word tangu toleo la 2007, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. LibreOffice, programu huria ya ofisi inayokuja na Mint, ilipoikosa iliweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo. Herufi moja ikipanuka kwa unywele, mstari unasukuma neno chini, aya inaongeza mstari, jedwali linavuka ukurasa. Tiba yake ilikuwa kusakinisha Carlito, fonti huria iliyochongwa makusudi herufi zake zichukue upana ule ule wa Calibri. Ndugu yake Caladea anafanya hivyo hivyo kwa Cambria, na kundi la Liberation kwa Times New Roman na Arial. Tulipoifungua tena ripoti ilirudi kurasa 40. Lakini fikiria: ingekuwa ni mkataba, na hana wa kumpigia?

Excel ni kali zaidi ya Word. Majedwali ya kawaida, fomula, chati na vichujio, LibreOffice Calc inayamudu vizuri. Makro, zile amri za kujiendesha ndani ya jedwali, zilizoandikwa kwa VBA ya Microsoft zinafanya kazi baadhi na baadhi zinagoma, na hutajua ipi ni ipi mpaka uzijaribu. Faili linalovuta data kwa Power Query halitajisasisha. Na mkiwa mnahariri faili moja kwa kupokezana, ninyi wawili kwenye programu mbili tofauti, kila mzunguko unakwaruza kitu kidogo: rangi ya seli, upana wa safu, maoni ya pembeni. Hakuna anayekosea, lakini baada ya mizunguko mitano faili limechakaa, na lawama zitamwangukia aliye tofauti na wenzake, yaani wewe. Njia ya kukwepa ni kutumia Excel ya kivinjari, ambayo kwenye Linux inafunguka bila shida ingawa imepungukiwa na mambo ya ndani, au kukubaliana na wenzako kwamba kinachosomwa tu kitumwe kwa PDF.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Sababu zilikuwa nyingi, siasa zikiwemo, lakini kubadilishana nyaraka na watu wa nje kulikuwa miongoni mwa yaliyolalamikiwa. Linganisha na Gendarmerie, kikosi cha askari cha Ufaransa. Wao walianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu ya ofisi, wakiwa bado ndani ya Windows. Kisha kivinjari na barua pepe. Walipoanza kuweka Ubuntu mwaka 2008, askari alikuta programu zile zile alizozoea, zikiwa na mandhari tofauti nyuma yake. Leo wana makumi ya maelfu ya kompyuta kwenye mfumo huo.

Nawe nakushauri ufuate njia ya hao askari. Usiguse Windows kwanza. Sakinisha LibreOffice humo humo leo, na kwa mwezi mmoja jifanye Word na Excel hazipo. Kila faili unalopokea lifungue kwa LibreOffice, kila unalotuma litoke huko. Mwenzako akilalamika, andika tarehe na tatizo kwenye daftari. Mwisho wa mwezi daftari hilo litakuambia ukweli kuliko mimi. Likiwa na mistari mitatu, hama. Likiwa limejaa, usihame, na hutakuwa umepoteza hata faili moja. Mtu anayeanza kwa kufuta Windows ndipo ajue kama kazi yake inawezekana huwa namhurumia, maana huja kwangu usiku akiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi.

Mikutano ya video isikutie hofu. Zoom ina toleo la Linux. Microsoft iliacha programu yake ya Teams ya Linux mwaka 2022, lakini Teams inafunguka kwenye kivinjari, na Google Meet makazi yake ni humo humo. Unachopaswa kujaribu kabla ya siku ya mkutano ni kuonyesha skrini na maikrofoni ya Bluetooth. Maikrofoni hizo zina tabia ya kugeuza sauti kuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa pindi unapoanza kuzungumza. Waya mdogo wa masikioni unamaliza ugomvi.

Kuhusu virusi, rafiki yako amerukia. Ni kweli kwamba hatari nyingi zinazozurura zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na ni kweli kwamba kuchukua programu kwenye hazina ya distro ni salama kuliko kupakua kila faili unalokutana nalo. Lakini msimbo kuwa wazi hakumaanishi kuna mtu anausoma. Mwaka 2024 ilibainika kwamba ndani ya xz, kifaa kidogo cha kubana data kinachotumiwa na karibu kila distro, kulikuwa kumefichwa mlango wa siri. Aliyeupachika alikuwa ametumia miaka kama miwili kumsaidia mtunzaji wa mradi huo, ambaye alikuwa amechoka na peke yake, mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye hata hakuwa akitafuta virusi: aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine zake za majaribio kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Mlango huo haukuwa umefika kwenye matoleo thabiti wanayotumia watu wengi. Unaweza kukisoma kisa hiki kwa namna mbili. Msimbo ungekuwa umefungwa, Freund asingekuwa na cha kuchimba. Lakini pia, dunia nzima ilikuwa imeegemea mtu mmoja aliyechoka. Mimi nayaamini yote mawili.

Kwako wewe hatari kubwa zaidi itakuwa mkono wako mwenyewe. Ukipata tatizo utatafuta mtandaoni, utakuta mtu wa mwaka 2013 ameandika amri ya kubandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaibandika. Linux itakutii. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa teknolojia (si Torvalds, majina tu yamegongana), alijaribu kusakinisha Steam, programu ya duka la michezo, kwenye distro ya Pop!_OS mbele ya kamera. Mfumo ulimwonya kwamba unakaribia kuondoa vitu muhimu, ukamtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha. Akaiandika. Ikaondoa mazingira yote ya madirisha, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Huyo ni mtu anayeishi kwa kompyuta. Kosa lilikuwa la kifurushi chenye hitilafu, ila funzo la usalama ni lile lile, kwamba onyo limewekwa lisomwe. Ndani ya Mint kuna kifaa kiitwacho Timeshift, kinachopiga picha ya mfumo ulivyo leo ili uweze kuurudisha kesho. Kiwashe siku ya kwanza, kabla hujabadilisha hata mandhari. Lakini elewa kwamba kinahifadhi mfumo. Nyaraka zako zinahitaji nakala nyingine kwenye diski ya nje.

Michezo ya mwanao ningecheka ukiniuliza mwaka 2015. Kisha Valve, kampuni yenye Steam, ikatoa Proton mwaka 2018, tabaka linalotafsiri michezo ya Windows ichezeke kwenye Linux, na mwaka 2022 ikauza kifaa cha mkononi cha Steam Deck kinachoendeshwa na Linux. Sehemu kubwa ya michezo ya Steam sasa inachezeka. Isiyochezeka ni ile ya ushindani mtandaoni ambayo programu zake za kuzuia udanganyifu hujipenyeza ndani kabisa ya mfumo: Fortnite haichezeki, Valorant haichezeki, na si kwa sababu Linux haiwezi, wenye michezo wamekataa. Muulize kijana anacheza nini kabla hujagusa chochote. Kama ni mojawapo ya hiyo miwili, utakuwa umejiletea mgogoro wa kila jioni.

Kama unatumia Photoshop, au programu yoyote ya hesabu au ya kitaaluma iliyotengenezwa kwa Windows pekee, hukunitajia, basi sitaingia huko, zaidi ya kusema kwamba kwa Adobe, wenye Photoshop, jibu ni hapana, na anayekwambia Wine, tabaka la kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, itakufanyia kila kitu hajaitumia akiwa na kazi ya kukabidhi. FreeBSD na mifumo mingine ya chanzo huria usiifikirie kwa mashine hii. Ni mifumo mizuri kwa seva, lakini kwenye kompyuta mpakato Wi-Fi peke yake itakukondesha.

Daftari lako likishatoa ruhusa, fanya hivi. Pakua faili la Mint, liandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa Rufus au balenaEtcher, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Mint itafunguka ikiwa hai, bila kugusa diski. Itakuwa nzito kwa sababu inasoma flashi. Wepesi usiupime hapo. Pima Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, printa, skana, kulala na kuamka. Ikipita, nunua SSD, itoe ile diski ya kuzunguka pamoja na Windows yake yote uiweke kabatini, kisha usakinishe Mint kwenye SSD tupu. Naipenda njia hii kuliko kuweka mifumo miwili kwenye diski moja. Ukikwama, bisibisi na dakika kumi vinakurudisha ulikokuwa.

Ukilazimika kuiweka mifumo yote miwili pamoja, kuna mitego mitatu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, hifadhi ufunguo wake wa urejeshaji kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote, la sivyo Windows inaweza kukuomba ufunguo ambao hujui uliko. Zima ile "Fast Startup" ya Windows, kwa kuwa huiacha diski ikiwa nusu usingizini na Linux itakataa kuandika humo. Na usishangae saa ikiruka kila unapohama mfumo: Windows huihifadhi kwenye mashine kwa majira ya ulipo, Linux kwa UTC, majira ya pamoja ya dunia, kila mmoja anadhani mwenzake amekosea. Fungua terminali ndani ya Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, zitapatana.

Kitu kimoja sijakuuliza: hiyo printa ya ofisini ni modeli gani? Nitumie jina lililoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, pamoja na jina la chipu ya Wi-Fi kama linavyoonekana kwenye Device Manager ya Windows. Kwa hayo mawili nitaweza kukwambia mapema kama uagize SSD au usubiri kwanza.